Kula Matanga Yako

Ng'ombe akivunjika nyonga, Tabby alijua la kufanya. Unamwita mchinjaji kabla jua halijapanda, unauza nyama kwa hasara, unamfuta kwenye daftari. Alikuwa na diploma ya afya ya mifugo na miaka ishirini na miwili nyuma ya kaunta ya agroveti yake, duka la dawa na vyakula vya mifugo, pale Elburgon, na hakuwa na desturi ya kuzungusha maneno. Mkulima akimletea habari za ng'ombe asiyeinuka, alimwambia ukweli papo hapo, kisha akampimia chumvi ya wale waliobaki.

Ndiyo maana alipofika kwa mama yake Jumanne ile hakuhitaji kuambiwa na daktari. Wariara alikuwa amelazwa kwenye kochi, mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko wa kushoto na unyayo umegeukia nje, kama usiotaka tena kwenda na mwenzake. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Asubuhi ya Jumatatu aliteleza kwenye banzi lililolowa ukungu, lile analovukia mtaro akienda kukamua. Jirani aliyekuja kuchukua maziwa alimkuta chini, akamwingiza ndani, akashinda akimkanda kwa mafuta ya kukamulia akidhani ameteguka. Hakuna aliyempigia Tabby simu kwa sababu mgonjwa mwenyewe alikataza. Alisema Tabby yuko kazini.

"Kesho nitakuwa sawa," Wariara alimwambia.

"Kesho hutakuwa sawa, Maitu, mama yangu. Umevunjika."

Alikodi gari la mtu wa viazi, wakatoa kiti cha nyuma, wakaweka godoro. Barabara yote hadi Nakuru Wariara hakulia. Aliuma ncha ya leso yake, na kila gari lilipopita kwenye shimo aliuliza ni nani atakayekamua jioni.

Kwenye hospitali ya serikali waliambiwa foleni ya upasuaji ni ya wiki tano. Tabby hakubishana na foleni. Alimpeleka mama yake kwenye hospitali ya misheni upande wa pili wa mji, na huko daktari kijana aitwaye Kosgei akainua picha dirishani, akaonyesha mahali shingo ya mfupa wa paja ilipokatika kama kijiti. Inafaa kuwekwa chuma, alisema, na inafaa iwe katika siku mbili za kwanza. Ya pili ilikuwa inaisha. Mzee akilala chali, aliendelea, mapafu hujaa maji, ngozi ya makalio hufa, damu huganda miguuni. Si kuvunjika kunakoua wengi wao. Ni kulala.

Halafu akataja bei. Bima ingelipa sehemu yake, lakini chuma na vingine ambavyo bima haikuvigusa vilikuwa vya familia, shilingi elfu mia na tisini, zilipwe kabla mgonjwa hajaingizwa chumba cha upasuaji. Kitanda ni elfu nne kwa siku, awe amepasuliwa au hajapasuliwa.

Tabby aliuza mtamba wake Ijumaa, mnyama mzuri mwenye mimba ya miezi mitano, kwa elfu sitini. Mnunuzi alijua ana shida, naye alijua kwamba mnunuzi anajua. Mdogo wake Waithaka, aliyekuwa na kandarasi ya kulehemu mabomba ya mvuke huko Olkaria, alituma elfu arobaini, akasema ndizo alizo nazo, kisha simu yake ikanyamaza. Zikawa mia moja. Zilibaki tisini.

Kaka yao mkubwa, Mbugua, ndiye aliyekuwa na mpango. Mbugua alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Nakuru, na kila jambo kwake lilihitaji kamati. Jumamosi aliwakusanya ndugu kwenye bustani ya hospitali, akawaonyesha kadi za harambee zilizokwisha kuchapishwa kwa rangi, picha ya Wariara juu, na tarehe chini. Ilikuwa wiki tatu mbele. Alieleza kwamba mgeni wa heshima hangepatikana kabla ya hapo, na harambee bila mgeni wa heshima ni sawa na kuomba barabarani.

"Wiki tatu ni siku ishirini na moja," Tabby akasema. "Mara elfu nne ni themanini na nne. Unataka tungoje themanini na nne tupate tisini?"

Mbugua akasema yeye hupenda mambo yafanyike kwa heshima. Kulikuwa na kundi la WhatsApp tayari, lenye watu mia na kumi na wawili. Tabby alilifungua akahesabu. Kulikuwa na amina sitini na nne, mikono ya maombi isiyohesabika, na shilingi elfu tatu na mia tano.

"Watu ni wagumu kwa ugonjwa," Mbugua akakiri, akipanga kadi zake. "Ingekuwa msiba, saa hii tungekuwa tumepitisha laki mbili. Mtu akifa, pesa hutoka. Akiugua, watu wanangoja waone."

Alisema hivyo bila ubaya. Lakini Tabby aliondoka nalo neno hilo, na kufikia kesho yake lilikuwa limeshageuka kuwa wazo.

Kule Elburgon kulikuwa na kikundi cha akina mama kilichoitwa Sufuria. Kilianza mwaka ule viwanda vya mbao vilipofungwa, wanaume wakakaa barazani bila kazi, na mjane mmoja akazikwa kwa chai ya rangi pekee. Waombolezaji walikunywa kikombe kimoja kila mtu wakaondoka, na watoto wake wakabaki na aibu hiyo hadi leo. Wanawake tisa waliapa siku hiyohiyo kwamba haitatokea tena. Walikuwa mchanganyiko, Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya walioolewa na wafanyakazi wa viwandani, na walinunua sufuria sita kubwa kabla ya kununua kitu kingine chochote. Mwanachama akifa, wenzake huja na sufuria hizo, wamevaa kitenge cha kikundi, wanapika siku tatu, na wanakabidhi familia shilingi elfu tisini. Hata nyumba zilipochomwa baada ya uchaguzi na watu wakakimbiana, sufuria zilifichwa na zikarudi zote sita.

Wariara alikuwa mmoja wa wale tisa. Alikuwa amelipa miaka ishirini na sita bila kuruka mwezi.

Elfu tisini, Tabby akawaza, na ni zake.

Kosa lake lilikuwa hapo. Hakumuuliza mama yake. Wariara alikuwa ameanza kikohozi, na Tabby aliona kuuliza ni kupoteza muda. Jumatano alifunga duka saa nne, akaenda nyuma ya kanisa ambako kikundi hukutana, akasimama mbele ya wanawake thelathini na mmoja walioketi kwenye mabenchi, na akawaambia kama ambavyo angewaambia wateja. Akataja mfupa, akataja siku, akataja bei. Akasema ng'ombe akivunjika nyonga unaweza kumchinja, lakini mama hachinjwi, kwa hivyo anaomba pesa zake zitolewe leo.

Mwenyekiti, Nabalayo, mjane mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alivua miwani yake akaifuta kwa kitenge.

"Mama Kimberly," akamwambia, akimwita kwa jina la mtoto wake, "umekuja kumzika mama yako na hajafa?"

Tabby akasema amekuja kumzuia asife. Nabalayo akamwuliza kama mwenyewe amemtuma. Tabby akataja tena bei, na hilo lilikuwa jibu. Basi Nabalayo akamwambia mweka hazina, Jemutai, afungue daftari ukurasa wa kwanza. Jemutai alisoma kwa sauti ndogo, kidole chini ya mstari. Pesa ya matanga haiguswi na aliye hai. Anayetaka kula matanga yake akiwa hai, na ale, lakini jina lake litafutwa, na siku yake ikifika sufuria hazitatoka.

"Unajua ni nani aliyetunga hiyo sheria?" Nabalayo akauliza. "Kulikuwa na mwenzetu alitaka pesa zake za karo ya mtoto. Alilia hapa hapa mbele yetu. Sisi wengine tulikuwa tushalegea. Mama yako akasimama akasema, tukimpa huyu leo, kesho tunazikwa na chai. Ni mkono wake umeandika hapo. Sasa wewe unataka tuivunje bila yeye kujua."

Tabby aliomba wafanye haraka. Hakujua kuomba vizuri. Ilitoka kama amri. Lakini Nabalayo hakukasirika. Akasema watakwenda Nakuru kesho, yeye na Jemutai, wamsikie mwenyewe kwa mdomo wake. Akikubali, pesa zitatoka. Akikataa, Tabby asirudi.

Jioni hiyo muuguzi wa zamu, Naftaly, mwanamume mpole mwenye mikono mikubwa, alimwita Tabby kando ya mlango wa wodi. Alisema shosho, bibi yule, hali chakula. Tangu Jumapili hugusa uji kwa mdomo tu, na maji anayakataa. Walidhani ni maumivu, wakamwongezea dawa. Leo amemwuliza polepole, naye akamwambia sababu. Hataki kula kwa sababu hataki kwenda haja. Hataki kwenda haja kwa sababu anayembadilisha pampasi ni Naftaly, na Naftaly ni umri wa mjukuu wake.

"Nimejaribu kuitia wa kike," akasema. "Tuko wawili tu kwa zamu, mathe. Kila nikija anageuka ukutani anafunika uso."

Tabby alikwenda akaketi kando ya kitanda. Mama yake alikuwa amefumba macho, midomo imepasuka. Alikuwa mwanamke aliyechimba choo chake mwenyewe baada ya kufiwa na mume, akakiezeka mabati, akakiwekea kufuli, na hata wajukuu waliomba ufunguo. Tabby alilowesha kitambaa akampangusa midomo. Alitaka kumwambia kuhusu kesho, lakini kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi hakujua aanzie wapi, na akaondoka bila kusema.

Wanawake wale wawili walifika Alhamisi saa ya kuona wagonjwa, wamevaa kitenge cha kikundi, rangi ya zambarau na manjano. Wodi nzima iligeuka. Wariara alipoona kitenge hicho kikiingia mlangoni, mkono wake ukashika blanketi.

"Nimekufa?" akauliza.

"Bado," Nabalayo akasema, akivuta kiti. "Binti yako amekuja akatuambia wewe ni ng'ombe."

"Huyo ndivyo alivyosomea." Wariara akamtazama Tabby, kisha daftari lililokuwa mapajani mwa Jemutai, na akaelewa lote bila kuelezwa. Nabalayo alikuwa ameanza kumwashiria Tabby atoke nje. "Hapana," Wariara akasema. "Akae. Aone alichokifanya."

Nabalayo alimweleza kwa utaratibu. Hakuongeza wala hakupunguza. Alipomaliza, Wariara alikohoa kwa muda mrefu, na Jemutai akamshika bega mpaka kikohozi kikapita.

"Nikifutwa, nani atanipikia?"

"Mimi," Tabby akasema.

"Wewe." Wariara karibu acheke. "Ugali wako hata mbwa hunusa kwanza. Watakuja watu mia tatu. Utawapa chumvi ya ng'ombe?"

"Sufuria hazitakuja, Mama Mbugua," Nabalayo akasema. Sauti yake haikuwa kali, ila haikulegea. "Nisikudanganye. Tutakuja kama watu wengine. Tutakaa kwa hema, tukipewa chakula tutakula. Kitenge hatutavaa."

"Ndivyo nilivyoandika."

"Ndivyo ulivyoandika."

"Na yule wa karo. Alizikwa vipi?"

"Alihamia Molo. Hatukuitwa."

Wariara alitazama dari. Tabby alikuwa na maneno kumi mdomoni, yote ya kweli, yote yenye hesabu, na aliyameza moja baada ya jingine. Nje ya dirisha mtu alikuwa akifyeka nyasi.

"Tabby," mama yake akasema hatimaye. "Hicho chuma. Nikiwekwa, nitatembea?"

Angeweza kusema ndiyo. Mbugua angesema ndiyo, na kundi zima la WhatsApp lingeitikia amina.

"Wengi hutembea," Tabby akasema. "Wengine hawatembei tena. Wengine wanatengenezwa vizuri na bado mwaka hauishi kabla hawajafa. Na wewe una kikohozi, na hujala siku nne. Sijui utakuwa upande gani, Maitu. Daktari pia hajui."

"Na choo?"

"Ukiweza hatua kumi, kumi na tano, utafika choo."

"Peke yangu?"

"Na fremu ya kushikilia. Lakini peke yako."

Naftaly alipita na kitoroli chake, magurudumu yakilia, na Wariara alimfuata kwa macho mpaka alipoishia nyuma ya pazia la kitanda kingine.

"Futa," akasema.

Jemutai hakuweza. Alifungua daftari akaishika kalamu, na machozi yakaanza kumdondoka juu ya karatasi, ikabidi Nabalayo amnyang'anye vyote viwili. Yeye ndiye aliyeweka rula na kuchora mstari mwekundu juu ya jina lililokuwa la nne tangu juu. Chini yake akaandika, kisha akasoma kwa sauti ili mgonjwa asikie: amekula matanga yake leo, elfu tisini, kwa hiari yake.

"Andika pia kwa maneno," Wariara akamwambia. "Hiyo sufuri mtu anaweza kuizalisha."

Nabalayo akaandika kwa maneno. Wariara akatia sahihi, herufi zikitambaa kama siafu waliomwagiwa maji. Kisha wale wawili wakasimama. Nabalayo alimshika mkono, akaushikilia zaidi ya salamu inavyohitaji. Walipofika mlangoni Jemutai aligeuka, lakini mwenyekiti wake akamsukuma taratibu watoke.

Mbugua alifika jioni, amekasirika hadi shingo imevimba. Alisema Tabby amewaaibisha, kwamba ameuza jeneza la mama akiwa bado anapumua, na sasa kadi mia mbili zitafanya nini. Tabby alimwambia kadi aziweke. Kitanda kimeshafika elfu arobaini na deni hilo linahitaji mgeni wa heshima. Alitarajia waendelee kugombana. Badala yake Mbugua aliketi kwenye benchi la korido, akazitazama kadi zake muda mrefu, kisha akauliza dirisha la malipo linafungwa saa ngapi. Alilipa kitanda. Hakumsamehe Tabby, lakini alilipa.

Daktari Kosgei alimpasua Wariara Ijumaa, siku ya kumi na mbili tangu aanguke. Hakuficha kwamba angependa iwe siku ya pili. Kwa siku tatu baada ya hapo homa ilipanda na kushuka, na walimwekea oksijeni, na usiku mmoja alimwita Tabby kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Tabby alilala sakafuni juu ya gunia la chakula cha kuku. Hakuomba sana, hakuwa hodari wa kuomba. Alihesabu pumzi, kama anavyohesabu za ndama.

Jumanne homa ilikaa chini. Wariara aliomba uji akaumaliza, akaomba mwingine.

Jumatano asubuhi alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana aitwaye Cheruto, na fremu ya chuma yenye miguu minne. Walikuwa wamemwinua jana yake mara mbili akasimama tu, akitetemeka, na kurudi. Leo Wariara aliketi ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, akauliza ni saa ngapi.

"Saa nne na dakika kumi," Tabby akamwambia.

Alijua kwa nini ameuliza. Saa hiyo, nyuma ya kanisa kule Elburgon, wanawake walikuwa wameketi kwenye mabenchi na Jemutai alikuwa akiita majina. Angefika la tatu, halafu angeita la tano. Wariara alikaa hivyo, kichwa kimeinama, mpaka muda wa kuita watu thelathini na mmoja ukapita. Tabby hakumharakisha. Cheruto alitaka kusema kitu, Tabby akamtikisia kichwa.

"Haya," Wariara akasema. "Nipe hiyo kitu."

Alishika fremu. Aliisukuma mbele, akauburuta mguu mgonjwa, akauleta ule mzima. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso kufikia hatua ya tatu. Kwenye hatua ya sita alisimama akapumua kwa mdomo, na Tabby alipomnyooshea mkono akaambiwa autoe. Cheruto alitembea nyuma yake, viganja wazi, bila kumgusa. Naftaly alikuwa anakuja na kitoroli, akakivuta ukutani kumpisha, akatazama sakafu. Hatua kumi na nne hadi mlango wa choo.

Cheruto alisema kwa kawaida mtu huingia na mgonjwa mara ya kwanza. Wariara akamwangalia, na msichana akarudi nyuma hatua moja. Fremu iligonga kizingiti, ikainuliwa, ikapita. Kisha mlango ukafungwa kutoka ndani, na komeo likasikika likivutwa, polepole, hadi mwisho.

Tabby alisimama nje. Alisikia chuma kikigusa saruji, kitambo kirefu cha kimya, mguno mmoja. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa na hakukigeuza. Mwanamke wa kitanda cha jirani alikuja na leso kiunoni akajaribu kupita.

"Kuna mtu?" akauliza.

"Mama yangu yuko ndani," Tabby akasema. "Utangoja."